PICHA ZA MAGOFU YA DETROIT: MFANYAKAZI YUKO WAPI?



Huko Marekani, katika jimbo la Michigan, uko mji uitwao Detroit, uliokuwa zamani mama wa viwanda vya motokaa duniani. Mji huo umeshuka sana, na kwa miaka mingi wapiga picha wameuendea kama watu waendao mbugani kutazama wanyama. Hupanda majumba marefu yaliyoachwa katikati ya mji, hukanyaga vioo vilivyovunjika, hupiga picha dari zilizoanguka na saa ya ukutani iliyoyeyuka kwa moto, kisha hurudi kwao kutoa vitabu. Mwaka wa 2010 peke yake vilitoka viwili vikubwa: kimoja cha Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, na kingine cha Mmarekani Andrew Moore. Ni vitabu vizito, vya kuwekwa juu ya meza ya sebuleni ili wageni wavione.

Twasema wazi kwamba picha ni nzuri. Rangi ni nzuri, mwanga ni mzuri, na mpiga picha anaijua kazi yake kama seremala aijuavyo randa. Lakini fungua ukurasa baada ya ukurasa umtafute mtu. Karibu hayupo. Utaona chumba cha daktari wa meno katika jumba liitwalo Broderick Tower, kiti cha mgonjwa kikiwa pale pale na rangi ya ukuta ikibambuka kama ngozi. Daktari hayupo, mgonjwa hayupo, na wala hayupo mama aliyekuwa akipiga deki chumba kile usiku ili asubuhi kiwe safi. Utadhani majumba yale yalijengwa na mvua na kuvunjwa na upepo.

Tusiwaonee. Kitabu cha Wafaransa kina utangulizi wa Thomas Sugrue, mwanahistoria aliyeandika kwa undani jinsi Detroit ilivyonyang'anywa kazi. Kitabu cha Moore kina maneno ya Philip Levine, mshairi aliyefanya kazi katika viwanda vya Detroit alipokuwa kijana, na aliyejua uzito wa chuma mkononi. Kwa hiyo walijua. Lakini utangulizi husomwa na nani? Picha hukatwa zikaenda peke yake, magazetini, ukutani, katika simu za watu, na popote ziendapo zinasema jambo moja tu: mji huu ulikufa. Basi hilo ndilo neno tunalotaka kulipinga leo.

Mji haufi kama ng'ombe wa ndigana. Detroit ilikuwa na watu 1,849,568 katika hesabu ya mwaka 1950. Mwaka 2010 walikuwa 713,777, na mwaka 2020 walikuwa 639,111. Watu zaidi ya milioni moja walitoka, na kila mmoja alitoka kwa sababu. Sugrue amehesabu kwamba kati ya mwaka 1947 na 1963 mji ule ulipoteza kazi za viwandani 134,000. Angalieni miaka hiyo, ndugu. Ndiyo miaka ambayo ulimwengu mzima ulikuwa ukisema Marekani imeshiba. Motokaa zilikuwa zikiuzwa kama njugu. Lakini matajiri walikuwa tayari wanajenga viwanda vipya nje ya mji na katika majimbo mengine, mahali ambapo ardhi ni rahisi na chama cha wafanyakazi hakijafika, na huku mashine mpya zikichukua nafasi ya mikono. Kiwanda cha Packard, ambacho msanifu Albert Kahn alianza kukijenga mwaka 1903, kiliacha kutengeneza motokaa mwaka 1956. Hicho ndicho gofu lililopigwa picha pengine kuliko gofu lolote la kiwanda duniani. Ni wangapi kati ya walioitazama picha ile wanaoujua mwaka huo wa 1956?

Badala yake wengi huambiwa kwamba mji uliharibika mwaka 1967, wakati wa machafuko ya mwezi wa Julai yaliyoua watu 43. Hiyo ndiyo hadithi impendezayo tajiri, kwa sababu lawama inamwangukia maskini mwenye hasira, na tena maskini Mweusi. Kazi zilikwisha kuanza kuondoka miaka ishirini kabla. Wazungu waliopata mikopo ya nyumba nje ya mji waliwafuata matajiri kwa barabara mpya. Wamarekani Weusi walikataliwa mikopo hiyo na kufungiwa mitaa hiyo, wakaachiwa mji na madeni yake.

Sasa twende katikati ya mji wenyewe, maana huko ndiko wapiga picha wanakopenda zaidi, na sisi hatusemi kwamba hawana haki ya kupenda. Ni nani atakayelitazama jumba la Guardian asiseme lo! Lilimalizika mwaka 1929, mchoro wa Wirt Rowland, na limejengwa kwa tofali za rangi ya machungwa na kupambwa kwa vigae vya rangi tele. Baadhi ya vigae hivyo vilichomwa pale pale Detroit katika kiwanda kidogo cha Pewabic, kilichoanzishwa na mama mmoja, Mary Chase Perry Stratton. Liko Penobscot la mwaka 1928, ghorofa 47. Liko Book Tower la mwaka 1926, lililosimama tupu tangu 2009 likafunguliwa tena 2023. Fedha zilizojenga majumba hayo zilitoka wapi? Zilitoka katika motokaa, na motokaa zilitoka katika mikono ya watu waliosimama kwenye mstari wa kiwanda, kila mmoja akikaza parafujo ile ile mchana kutwa. Jumba la benki ni jasho la kiwandani lililopandishwa juu kwa ghorofa. Mtu akilipiga picha, anapiga picha ya mshahara ambao haukulipwa, ajue asijue.

Picha moja yataka kuzungumzwa zaidi. Katika njia ya Bagley palikuwa na kibanda ambamo Henry Ford aliunda motokaa yake ya kwanza mwaka 1896. Mahali pale pale, mwaka 1926, pakajengwa ukumbi wa sinema wa Michigan, wenye viti vipatavyo 4,000, na dari ya plasta iliyochongwa kama jumba la mfalme. Ukumbi ukafungwa. Katika miaka ya 1970 wapangaji wa ofisi za jumba lililoungana nao walitaka mahali pa kuegesha motokaa zao. Kuubomoa ukumbi kungelidhuru jumba la ofisi, basi wakauchimba ndani tu, wakaweka sakafu za saruji, na motokaa zikapandishwa humo. Hata leo dari ile ya kifalme, iliyotoboka, imening'inia juu ya motokaa.

Mpiga picha hufika pale akacheka kidogo, akasema: tazama, motokaa imerudi kuzaliwa kwake na kuula ukumbi! Ni neno la werevu, lakini halitoshi. Swali ni hili: motokaa hizo zilikuwa za nani, na jioni zilikwenda wapi? Zilikuwa za watu wafanyao kazi mjini na walalao nje ya mji, wanaolipa kodi ya nyumba huko walalako. Mahali alipokaa mtu na tikiti yake ya Jumamosi, baada ya juma zima la kazi, sasa imeegeshwa motokaa ya mtu asiyeishi pale. Picha moja ingeweza kufundisha habari nzima ya uchumi wa Detroit, kama tu mpigaji angeandika mistari mitatu chini yake.

Hapo tumtaje mwingine, Camilo José Vergara, aliyezaliwa Chile. Huyu twamheshimu. Kwa miaka na miaka amekuwa akirudi mahali pale pale katika miji maskini ya Marekani, akipiga tena picha ya kona ile ile, hata uone duka linakuwa kanisa, kanisa linakuwa uwanja mtupu. Hiyo ni kazi ya shahidi. Lakini mwaka 1995 alitoa shauri kwamba mitaa kama kumi na miwili ya katikati ya Detroit, pamoja na majumba yake marefu ya kabla ya mwaka 1930, iachwe iwe magofu ya kutazamwa, kama Akropoli ya Wagiriki. Watu wa Detroit walikasirika, na walikuwa na haki. Katika hesabu ya 1990 mji ule ulikuwa bado na watu 1,027,974. Wagiriki wa Akropoli wamekufa zamani, hawana haja ya basi la kwenda kazini. Mtu wa Detroit yuko hai, ana watoto, anataka duka, taa ya barabarani na mshahara, naye anaambiwa mji wake ungependeza zaidi kama ungeachwa uanguke polepole!

Labda mtauliza: je, chama cha wafanyakazi kinachukia kamera? La, hata kidogo. Kamera imewahi kuwa upande wetu, na ni Detroit hiyo hiyo iliyotuonyesha.

Tarehe 26 Mei 1937, Walter Reuther, Richard Frankensteen na wenzao wa chama cha UAW walikwenda Dearborn, kando ya Detroit, kugawa karatasi za chama kwenye daraja la waendao kwa miguu, mbele ya lango nambari 4 la kiwanda cha Ford cha River Rouge. Wapiga picha wa magazeti waliwaomba wasimame jina la Ford likionekana nyuma yao. Mara wakaja watu wa Harry Bennett, mkuu wa askari wa kiwanda, wakawapiga, wakawaangusha, wakawaburura ngazini. Na wanawake wa chama nao hawakuachwa. Kisha wakawageukia wapiga picha kuwanyang'anya sahani za picha. James Kilpatrick wa gazeti la Detroit News alizificha zake chini ya kiti cha motokaa, akawapa tupu. Picha zikachapishwa, na kampuni iliyotaka kukana ikashindwa kukana, kwa maana damu ya Frankensteen ilikuwa gazetini kila mtu anaiona. Ford aliweka sahihi mapatano na chama mwaka 1941.

Mwaka huo huo wa 1941, mwezi wa Aprili, katika mgomo wa Ford, Milton Brooks wa gazeti lile lile alipiga picha iliyopata tuzo ya kwanza ya Pulitzer kwa picha, mwaka 1942. Na picha ile haikutusifu sisi: yaonyesha wagomaji wakimpiga mtu. Haidhuru. Hatutaki picha za kutusifu peke yake. Twataka picha zilizo na watu, ambazo mtu akiziona baada ya miaka themanini anaweza kuuliza nani alimpiga nani, na kwa nini.

Tena si kiwandani tu. Katikati ya mji, katika njia ya Woodward, duka la Woolworth lilikaliwa na wauzaji wake wanawake tangu tarehe 27 Februari 1937. Mwandalizi wa chama alipuliza filimbi, na wanawake 108 wakaacha kuuza, wakakaa humo humo ndani, wakalala juu ya magodoro, wakapika, wakaimba, hata baada ya siku saba kampuni ikakubali nyongeza ya mshahara. Magazeti yalichapisha picha zao wakicheka. Wapiga picha wa magofu wanapita njia hiyo hiyo ya Woodward na kamera zao. Wanatazama juu, kwenye nakshi za madirisha. Tungewaomba watazame na pale chini mlangoni.

Iko hata picha ya adui iliyogeuka kuwa ushahidi wetu. Ubavuni mwa katikati ya mji palikuwa na mtaa wa Wamarekani Weusi, Black Bottom, pamoja na njia ya Hastings yenye maduka na nyumba za muziki. Mwaka 1949 na 1950 serikali ya mji ilituma watu kupiga picha nyumba za mtaa ule, ili zitumike katika kazi ya kuzitwaa na kuzibomoa. Zikabomolewa, na barabara kuu ya Chrysler ikapita juu ya Hastings. Lakini picha zile zilihifadhiwa katika maktaba ya umma ya Detroit, na mwaka 2019 zilipangwa humo nyumba kwa nyumba, njia kwa njia, ili mtu atembee katika mtaa usiokuwapo tena, akatafute mlango wa nyanya yake. Aliyepiga picha ile hakuwa msanii wala hakuwa na nia njema. Alikuwa karani aliyepewa orodha. Kwa kuwa alipiga kila nyumba, na watu walikuwa barazani, picha yake ina faida kwa wana wa mtaa kuliko kitabu kizima cha dari zilizoanguka.

Wako watakaotujibu hivi: bila ya picha za magofu, majumba yale yasingeokolewa. Tazameni kituo cha reli cha Michigan Central! Kweli, tukitazame. Kilifunguliwa mwisho wa mwaka 1913, pamoja na jumba la ofisi la ghorofa 18, na gari la moshi la mwisho liliondoka Januari 1988. Miaka thelathini kikasimama wazi, wezi wakang'oa shaba, na kila mpiga picha aliyefika Detroit akakipiga. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ilikinunua, na Juni 2024 kikafunguliwa, kinang'aa. Hatukatai kwamba picha zilikifanya kijulikane. Lakini dari ya vigae haikurudishwa na picha. Mafundi zaidi ya 3,000 walifanya kazi pale, na wafanyakazi waliokuwa wakibomoa plasta mbovu mwaka 2021 waliikuta ndani ya ukuta chupa ya zamani ya bia, yenye karatasi. Karatasi imeandikwa Julai 1913, na inasema kwamba dari ile ilibandikwa na Dan Hogan na Geo Smith.

Watu wawili, ndugu zangu. Wasanifu wa kituo kile majina yao yamo katika kila kitabu. Hogan na Smith walijua hakuna atakayewaandika, wakajiandika wenyewe, wakaziba chupa, wakaificha ukutani kwa miaka 108. Na waliowasoma mara ya kwanza walikuwa vibarua wenzao wenye nyundo mkononi. Wapiga picha wangapi walikuwa wamepita chini ya dari ile?

Sasa majumba yanang'aa na picha mpya zinapigwa, safi, zenye taa za dhahabu, nazo vilevile hazina mfanyakazi. Pale lilipokuwa duka kubwa la Hudson's, lililofungwa mwaka 1983 na kuangushwa kwa baruti tarehe 24 Oktoba 1998, pamejengwa mnara mpya, na mwaka 2022 baraza la mji liliupa msamaha wa kodi wa dola zipatazo milioni 60. Mji ule ule ulikwenda mahakamani tarehe 18 Julai 2013 kusema umefilisika, madeni yake yakikadiriwa dola bilioni 18. Katika kulimaliza shauri lile, wastaafu wa kawaida wa mji, wazoaji taka, makarani, mafundi wa maji, walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni yao, na nyongeza yao ya kila mwaka kwa ajili ya kupanda kwa maisha ikaondolewa. Twauliza: ni nani aliyempiga picha mzee yule akiisoma barua ya pensheni mpya? Gofu la namna hiyo halina nguzo za marumaru, ndiyo maana haliingii kitabuni.

Jambo hili latuhusu sisi wa Nairobi kuliko mnavyofikiri. Tom Mboya alipozuru Marekani mwaka 1956, shirikisho la AFL-CIO lilitoa dola 35,000 kusaidia kujenga makao ya Kenya Federation of Labour, jumba tunalolijua wote kwa jina la Solidarity House. UAW ilikuwa ndani ya AFL-CIO wakati ule, na makao yake yenyewe kule Detroit nayo huitwa Solidarity House. Kwa hiyo katika mawe yale zimo senti za ada za watu waliokaza parafujo Detroit, watu wale wale wasioonekana katika vitabu vya magofu. Na je, waashi wetu waliolijenga, nani ana picha yao? Nani anajua majina yao?

Siku hizi karibu kila mwanachama ana kamera katika simu yake. Mkipita penye kinu kilichofungwa, stesheni iliyoachwa au karakana iliyoota majani, pigeni picha, tena pigeni vizuri. Kisha zileteni ofisi ya tawi zikiwa zimechapwa, na nyuma yake muandike kwa kalamu ya risasi jina la mahali, mwaka palipofungwa, nani aliyepafunga, watu wangapi walikuwa na kazi pale na kama walilipwa haki zao. Anayeonekana katika picha aandikwe jina lake, akikubali. Picha isiyo na mtu itapokewa pia, mradi aliyeileta awe amekwenda kwanza nyumba za jirani kuuliza ni nani waliofanya kazi pale, na majibu ayalete pamoja nayo.